SANGARA HAJALI FIMBO YA BEI MBAYA

Msomaji wangu, kama wewe ni mtoto wa mjini na sangara unamjua kwa sura ya minofu tu, imekaangwa ikalazwa juu ya chipsi na kachumbari pembeni, leo naomba nikae na wewe kidogo. Huyo bwana kabla hajafika kwenye sahani yako ni jambazi wa majini. Anakula kila kinachokatiza mbele yake: uduvi, dagaa, furu, na hata watoto wa ukoo wake mwenyewe. Akiachwa akue anapita mita moja na nusu bila wasiwasi. Aliyeweka rekodi ya dunia kwa kuvuliwa na fimbo alikuwa na kilo 104, akatolewa Ziwa Nasser kule Misri mwaka 2000. Piga hesabu mwenyewe: huyo ni baunsa wa disko na viatu vyake!

Sasa siku hizi hapa Mwanza vijana tumeamka. Wapo wanaokwenda ziwani Jumapili kwa starehe, na wapo, tena ndio wengi, wanaokwenda kwa sababu cheti cha kidato cha nne kimelala kabatini na tumbo halijui cheti. Wote hao ukikaa nao kijiweni swali lao la kwanza ni moja: "Fimbo gani kali?" Kila mtu ana jibu lake. Huyu anasema nyeusi ya mkaa, yule anasema iwe na rili ya chuma, mwingine ameona mzungu fulani kwenye video anarusha kitu kama samaki wa plastiki, basi naye anataka hicho hicho.

Hapo ndipo mapene ya watu yanapoliwa. Mimi kauli yangu ni hii, na naisimamia: sangara anavuliwa na mtu anayejua mahali na saa. Vyombo vinafuata baadaye, tena mahali ndipo panapokuchagulia vyombo. Ukianzia dukani umeanzia mkiani.

MASWALI MATATU YA MJOMBA

Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye mwaka jana alipata shilingi laki nne baada ya kuuza simu yake na kuongezea vijisenti vya kibarua. Akaja kwangu macho yanang'aa. Kuna duka ameona fimbo ya laki mbili na elfu themanini, rili yake rangi ya dhahabu. Mpango wake: anunue fimbo, avue sangara, auze, arudishe simu na chenji ibaki. Nikamwambia kabla hujatoa hata senti, twende kwa mjomba Kayenze.

Mjomba wetu ana mtumbwi wa mbao wenye injini na amelala ziwani kuliko alivyolala kitandani. Tulimkuta anashona wavu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Leo mmekuja wawili, kuna msiba au kuna harusi?"

Dogo akamweleza habari ya fimbo. Mzee hakucheka. Akaweka wavu chini, akamuuliza maswali matatu. "Utavulia wapi? Saa ngapi? Na ukimpata utampandishaje?" Dogo kimya. Mjomba akamwambia, "Basi hiyo laki nne iweke kwanza. Ukishaweza kunijibu, hutahitaji kuniuliza fimbo."

Maswali hayo matatu nimeyabeba toka siku ile, na leo nakugawia bure. Kama umetenga hela ya kununua vyombo, yajibu kwanza ndio uingie dukani.

WAPI?

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Ukisema "naenda kuvua ziwani" ni sawa na kusema "naenda kutafuta mtu Afrika." Lazima upunguze.

Anza na mawe. Mwanza ni mji wa mawe, kila mtu anajua, lakini wengi hatufikirii kwamba yale mawe hayakuishia ufukweni. Ukiona majabali yamejipanga kuteremka kuelekea majini, jua yanaendelea huko chini hivyo hivyo. Kwenye mapango na vivuli vya miamba ndimo furu wanamojificha, na palipo na furu sangara yupo jirani anasubiri. Yeye si mkimbiaji wa mbio ndefu. Anavizia, anatoka ghafla, anafungua domo na kunyonya maji pamoja na kilichomo.

Mahali pazuri zaidi ni pale kina kinapobadilika kwa ghafla, kwa mfano kutoka mita 5 kwenda mita 15. Utajuaje? Chukua kamba, funga jiwe mwishoni, piga fundo kila mita moja. Teremsha ukihesabu mafundo. Kipimo hicho hakina betri na hakiharibiki. Zunguka na mtumbwi, hesabu, kisha tafuta alama mbili za nchi kavu ukumbuke mahali: labda mnara wa simu ulingane na mwembe, na upande wa pili paa jekundu lilingane na jabali. Wavuvi wazee wana ramani nzima ya ziwa kichwani kwa njia hiyo hiyo.

Pili, tazama ndege. Ukiona mnandi wanazama na kuibuka kwa kundi, chini kuna dagaa. Na dagaa wanapokwenda, sangara anawafuata kama mdeni anavyofuatwa na mwenye duka.

Tatu, usidanganyike kwamba kina kirefu ndiko kuna samaki mkubwa. Hapa watu wengi hupotea. Katika miezi ya joto na mvua, maji ya juu huwa ya moto na ya chini ya baridi, hayachanganyiki. Maji ya chini kabisa huishiwa hewa, na sangara ni samaki anayetaka hewa nyingi. Ukiteremsha ndoana mita 50 miezi hiyo unavulia kaburini. Pandisha chambo juu. Ikifika Juni hadi Agosti, upepo wa kusi hulikoroga ziwa, hewa hufika chini, na samaki hutawanyika kila kina. Ndiyo maana mahali palipokupa samaki Machi panaweza kukunyima Julai, na wala si uchawi wa jirani.

Nne, kaa mbali na vihori vya matete na magugu kama unataka samaki wa maana. Huko ni chekechea. Watoto wa sangara hukulia pembezoni kwenye maji mafupi, wanakula uduvi. Utavuta samaki kila dakika na wote ni wa kukupeleka polisi. Nitalieleza hilo mbele.

Kuna na sababu ya pili ya kuyaogopa matete: kichocho. Konokono wanaobeba ugonjwa huo wanapenda maji yaliyotulia yenye majani. Kusimama majini hadi magotini ukirusha ndoana inapendeza kwenye picha, lakini vijidudu vinapenya ngozi bila hodi. Vulia juu ya jabali kavu au ndani ya mtumbwi. Na kama umeshaingia sana majini, kapime, dawa ipo.

Halafu kuna mahali ambapo hupaswi kugusa kabisa. Kisiwa cha Saanane, kile unachokiona toka mjini, ni Hifadhi ya Taifa. Rubondo nayo ni hifadhi toka mwaka 1977. Pale uvuvi wa kujifurahisha upo na watalii wanaufuata kwa sababu ya sangara wakubwa, lakini ni kwa kibali na utaratibu wa hifadhi. Usije ukajitia ujanja na mtumbwi wa kukodi usiku.

SAA NGAPI?

Mtazame sangara machoni. Jicho lake kubwa, na ukilimulika tochi usiku linawaka rangi ya dhahabu kama la paka. Jicho la namna hiyo ni la kuonea kwenye mwanga hafifu. Furu haoni vizuri giza linapoingia, sangara anaona. Kwa hiyo karamu yake kubwa ni magharibi na alfajiri. Kama una masaa matatu tu ya kuvua kwa siku, chukua kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 2 asubuhi, au saa 11 jioni hadi saa 2 usiku. Wanaokwenda saa 6 mchana na redio na kreti ya soda wanakwenda pikiniki, na pikiniki si vibaya, ila wasilaumu fimbo.

Mchana samaki yupo, lakini amejibanza kwenye kivuli cha mwamba. Anayetaka kumpata mchana hana budi kumpelekea chakula mlangoni, ndiyo maana boti za watalii hupita taratibu kandokando ya miamba zikikokota chambo bandia.

Angalia na mwezi. Wavuvi wa dagaa hupumzika siku za mbalamwezi kali kwa sababu taa zao hazivuti kitu. Zikirudi siku za giza, taa zao ziwani zinakuwa kama mji mwingine. Dagaa hukusanyika kwenye mwanga, na wakubwa huja chini yao. Ukiwa na maelewano na mwenye taa, tega kando kidogo ya mwanga, chini ya kundi. Nasema maelewano, kwa sababu kuingilia taa ya mtu bila ruhusa ni kasheshe linaloishia kwenye makasia.

SASA TWENDE DUKANI

Umeshajua mahali na saa. Sasa vyombo vinajichagua vyenyewe.

Kama unavulia ndani ya mtumbwi juu ya mwamba, huhitaji fimbo hata kidogo. Unahitaji mshipi wa mkono. Nunua nailoni ya unene wa milimita moja hivi, mita 60 zinatosha, uzungushe kwenye kipande cha ubao au chupa. Huo unabeba samaki wa kilo nyingi kuliko mkono wako unavyoweza. Kata vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli uvae vidoleni, maana nailoni ikikimbia inakata kama wembe. Na kamwe usiuzungushe mshipi kwenye kiganja. Samaki mkubwa akiondoka, anaondoka na wewe.

Ndoana zinawachanganya wengi kwa hesabu zake. Ndogo zinahesabiwa kinyume: namba 12 ni ndogo kuliko namba 8. Ukishavuka namba 1 unakuta 1/0, 2/0, 3/0, na hapo sasa namba ikipanda ndoana nayo inakua. Kwa sangara wa kilo tano hadi kumi na tano, 5/0 au 6/0 inakaa vizuri. Ndoana kubwa ina faida nyingine: mtoto wa sangara haimwingii mdomoni. Kabla ya kuifunga, iburuze ncha yake polepole juu ya ukucha wa dole gumba. Ikikwama ni kali. Ikiteleza, inoe au itupe.

Chambo bora ni furu hai wa ukubwa wa kiganja. Mvue mwenyewe kwa ndoana ndogo na kipande cha mnyoo, umweke kwenye ndoo yenye maji ya ziwa, ubadilishe maji mara kwa mara. Mchome juujuu mgongoni, chini ya pezi, usiguse uti wa mgongo. Akitapatapa vizuri kazi imekwisha nusu. Ila usitumie watoto wa sangara kuwa chambo. Utakuwa unavulia mtaji wako.

Uzito wa kuzamisha si lazima ununue. Funga nati ya gari au kijiwe. Lakini, na hii niliipata kwa mjomba, ufunge kwa uzi mwembamba kuliko mshipi wenyewe. Jiwe likinasa kwenye mwamba uzi mwembamba unakatika, unapoteza jiwe, na samaki anabaki wako.

Kama unavulia juu ya jabali kutoka nchi kavu, hapo ndipo fimbo ina maana, kwa sababu unahitaji kurusha mbali na kumzuia samaki asiingie chini ya mawe. Chagua ngumu, ya mita mbili na zaidi kidogo. Usiangalie rangi. Shika ncha, mwambie muuzaji avute mshipi, uone kama inapinda kwa mpangilio au inavunjika kiuno. Kwenye rili angalia breki yake: ikiachia mshipi kwa mikwaruzo na kushtukashtuka, samaki akikimbia itakukatia. Iachie laini. Mshipi uwe wa kubeba kilo 15 hadi 20, na rili ibebe angalau mita 200.

Kwenye mwisho wa mshipi funga kipande kinene cha nailoni, mita moja na nusu hivi. Hapa wauzaji watakuuzia waya wa chuma. Usiuchukue. Kule Marekani na Kanada kuna samaki anaitwa muskie, naye ni mviziaji wa maji baridi kama huyu wetu, ambaye wavuvi wake humwita samaki wa mirusho elfu kumi kwa jinsi anavyosumbua kupatikana. Huyo ana meno ya kukata, ukikosa waya anakuachia salamu. Sangara wetu hana meno ya hivyo. Mdomo wake ni kama msasa: hausokoti, unasaga. Nailoni nene inauvumilia, na wembe wake halisi uko kwenye mfuniko wa shavu, kwa hiyo usimshike hapo kwa mkono mtupu.

Kama ni boti ya kukokota, zile chambo bandia zenye mdomo wa plastiki mbele zinafanya kazi kweli. Ule mdomo ndio unaozizamisha; ukiwa mrefu zinazama zaidi. Kokota mwendo wa mtu anayetembea haraka, mita 30 au 40 nyuma ya boti. Lakini zina bei mbaya, na miamba yetu haina huruma. Mwenye chambo bandia mbili akizinasa asubuhi, saa 3 amesharudi nyumbani.

UTAMPANDISHAJE?

Sangara mkubwa akijua amenaswa anafanya mambo mawili. Kwanza anakimbilia kwenye mawe. Hapo usimbembeleze, mzuie. Pili anapanda juu, anaruka, anatikisa kichwa domo wazi. Wengi hupagawa kwa furaha, wanalegeza mkono ili washangilie, na ndoana inaruka. Mshipi usilegee hata sekunde moja. Akiruka, inamisha ncha ya fimbo chini, endelea kuvuta.

Akifika karibu na mtumbwi usimnyanyue kwa mshipi. Kilo zake majini na kilo zake hewani ni vitu viwili tofauti. Tumia wavu wa kuopolea au kulabu yenye mpini, na mtu mmoja tu asimame. Wakisimama wote mtageuka wote.

Akishaingia ndani, tulia. Usimwache juani. Sangara aliyelazwa kwenye barafu na aliyelala juani masaa matatu hawana bei moja, na mchuuzi anajua kabla hujafungua mdomo. Na la mwisho, usikubali mtu akusaidie kupasua bure halafu aondoke na bondo. Lile puto la tumboni huuzwa hadi China, na kilo yake inaipiga bao kilo ya nyama mara nyingi tu. Kuna vijana wanauza samaki mzima kwa bei ya mchuzi huku mwenzao amebeba mshahara kwenye mfuko wa rambo.

SENTIMITA 50

Nilikuahidi habari ya polisi. Sheria hairuhusu sangara aliye chini ya sentimita 50. Chukua rula au tepu ya fundi cherehani, weka alama kwenye ubao wa mtumbwi. Kuanzia ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia. Wa sentimita 50 ana kilo moja na nusu hivi. Dume ndiyo kwanza anaanza kukomaa hapo, jike huchelewa zaidi. Ukimla huyo umekula ndoa kabla ya posa.

Wengine watakwambia, "Nikimpata mdogo namrudisha." Maneno matamu, lakini sangara aliyevutwa haraka toka chini sana, lile puto lake hujaa hewa tumboni, hawezi kuzama tena. Utamrudisha maji, atakufa akielea. Kwa hiyo dawa ni mahali, si huruma. Ukivuta watatu wadogo mfululizo, pandisha nanga, hama. Hapo ni chekechea.

Usiniambie kwamba mtu mmoja na ndoana yake hamalizi ziwa. Makokoro, timba na sumu vilianza na mtu mmoja mmoja. Mwaka 1999 Jumuiya ya Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wa ziwa hili kwa sababu ya hofu ya sumu iliyokuwa ikitumika kuvulia, na waliolala njaa si walioweka sumu peke yao. Walikuwemo wabeba mizigo, wauza barafu, mama lishe na akina dada wa viwandani. Ukitaka kuwa salama, pitia kwa viongozi wa BMU wa mwalo unaotaka kuvulia na ofisi ya uvuvi ya halmashauri, ulizia leseni. Wanakufahamu, na siku usiporudi wanajua waanzie wapi kukutafuta.

ZIWA HALINA MSHKAJI

Watu wa Mwanza hatujasahau tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama huku mji ukiwa unaonekana. Ziwa halina mshkaji. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka, na radi kubwa za ziwa hili hupenda usiku wa manane hadi alfajiri, muda ule ule ambao sangara anakula. Hapo ndipo penye mtego: saa nzuri ya samaki ndiyo saa mbaya ya mtu.

Kwa hiyo kila kichwa kiwe na jaketi okozi, limevaliwa, siyo limekaliwa. Mwambie mtu wa nchi kavu unakwenda upande gani na unarudi saa ngapi. Ukiona wingu jeusi limesimama wima juu ya maji na upepo umekatika ghafla, kata mshipi kama ni lazima, rudi. Viboko na mamba nao wapo, hasa kwenye midomo ya mito na matete. Sababu ya tatu ya kuyaachia matete wenyewe.

LAKI NNE ZILIKWENDAJE?

Najua utauliza ya dogo. Hakununua ile fimbo ya dhahabu. Alinunua nailoni, ndoana dazeni mbili, jaketi okozi, ndoo na tochi, na zaidi ya nusu ya hela ikabaki. Iliyobaki aliitumia kuchangia mafuta ya injini ya mjomba, akapata haki ya kukaa kwenye mtumbwi na kuangalia. Usiku wa kwanza hakupata kitu. Wa pili vile vile, akaanza kuninunia. Wa tatu alipata wawili, mkubwa kilo tisa, kwenye ukingo wa mwamba ambao hakuna muuzaji wa duka angemwonyesha. Simu bado hajarudisha. Lakini ukimuuliza leo sangara yuko wapi mwezi huu, hakwambii fimbo. Anakuuliza kwanza upepo unatoka wapi.

Kwa hiyo mtu wangu, kama una elfu hamsini au una laki tano, mgawo ni ule ule. Kwanza jaketi. Pili mshipi mzuri na ndoana kali. Tatu nauli na soda ya mzee mmoja anayejua mwamba mmoja vizuri. Fimbo iwe ya mwisho, na rangi yake utajichagulia mwenyewe.

Wasalaam, na wiki njema.